Shangazi alilipia ngao ya uongo

Jumapili iliyopita nilikuwa ndani ya matatu ya Umoja, natoka mjini, shangazi aliponipigia. Hata salamu hakutoa. "Mwanangu, kompyuta inakufa na hesabu za chama zimo ndani." Shangazi ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Michango ya miaka sita imo kwenye ile laptopu, na nakala nyingine hana. Nilishuka njiani nikatafuta gari la Kayole.

Nilimkuta ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani, kama mtu anayekesha na mgonjwa. Dirisha jekundu lilikuwa limeziba kila kitu: ngao, mstari unaojaa, virusi 27, lipa kabla mafaili hayajafutwa, na chini kabisa namba ya simu ya ng'ambo. Alikuwa ameshalipa shilingi 3,900 kwa kadi ya benki. Alipomaliza kulipa, dirisha likarudi likimtaka anunue kinga kubwa zaidi.

Nilimpa simu kwanza aongee na benki, kadi ifungwe. Kisha nikazima Wi-Fi.

Aliona haya sana, akawa anarudia kwamba ni uzee. Si uzee. Mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilishtaki kundi lililouza antivairasi, yaani programu za kukinga virusi, bandia za aina hii, WinFixer ikiwa mojawapo, na waliotapeliwa walizidi milioni moja. Mwaka 2012 mahakama ikaamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 163. Watu hao walilipa kwa sababu waliogopa, na shangazi aliogopea pesa za wenzake.

Nilitaka ajionee mwenyewe, kwa hiyo niliuacha ule mstari unaodai kukagua virusi uanze tena tukautazama pamoja. Ulifika asilimia mia kwa sekunde tisa. Mashine yake ina diski ya zamani, ile inayozunguka. Ukiikagua kweli inanguruma na saa nzima inaweza kwisha. Hii ilikaa kimya kabisa.

Halafu kulikuwa na visanduku vilivyorundikana pembeni, chini kulia, vyenye nembo ya antivairasi maarufu. Nikamwambia avae miwani asome maandishi madogo. Yaliandikwa Google Chrome, na kando yake anwani ya tovuti aliyopitia Ijumaa akitafuta mishono ya vitenge. Tovuti hiyo ilimwambia abonyeze "Allow" ili kuthibitisha kwamba yeye si roboti, naye akabonyeza. Basi ikapata ruhusa ya kumtumia arifa wakati wowote Chrome iko kazini. Tuliingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha, kwenye arifa za tovuti, tukafuta tovuti nne. Visanduku vikakoma hapo hapo.

Lile dirisha jekundu lilikuwa kazi nyingine, maana kisanduku kimojawapo kilikuwa kimempakulisha programu yenyewe. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc ili nifungue Task Manager, inayoonyesha programu zinazoendeshwa, ikakataa. Hapo hata aliyekuwa na shaka anaacha kuwa nayo: antivairasi halali haina sababu ya kukuzuia kuona kinachoendelea ndani ya mashine yako. Nikashika Shift nikabofya Restart, nikafuata njia hadi Safe Mode, ambako programu nyingi za kujianzisha haziamki. Wekundu ukatoweka. Nikanakili faili la hesabu za chama kwenye flashi, hilo peke yake. Kisha nikapanga programu kwa tarehe; mbili ziliingia Ijumaa, ile ngao na kisafishaji kilichofuatana nayo. Nikaziondoa zote. Nikaangalia proksi pia, mpangilio unaopitisha intaneti yako kwenye mashine nyingine, kwa sababu wengi huisahau, na kweli ilikuwa imewashwa kupitia anwani nisiyoijua. Nikaizima.

Mwisho niliiwasha kawaida, nikarudisha intaneti, nikaendesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, antivairasi ya Microsoft wenyewe. Umo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Mashine hujizima, hujiwasha tena na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi. Ulikamata faili moja lililobaki. Wakati huo shangazi alikuwa anabadilisha neno la siri la barua pepe kwa simu yake, si kwa laptopu.

Pale barabara ya Luthuli mjini Nairobi ninakofanyia kazi, mafundi wengi wangeifomati mara moja, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Siwalaumu, ni haraka. Lakini kufomati bila kuuliza kungefuta miaka sita ya jasho la wanawake kumi na wanane. Kama angekuwa amepiga ile namba na kumruhusu mgeni aingie kwenye mashine kutoka mbali, hapo ningeokoa lile faili kisha nifomati bila kusita.

Tulifungua hesabu, tukapitia ukurasa mmoja mmoja hadi mwezi huu. Zote zipo. Benki imepokea malalamiko yake ila zile 3,900 hazijarudi bado. Jumatatu nitamsindikiza tawini.