Besiboli: timu inayoongoza haina pa kujificha

Soka ikifika dakika ya 85 na timu inaongoza 2-0, kila mtu anajua kinachofuata. Kipa anajivuta kupiga mpira wa goli, beki anaanguka na kushika mguu, winga anaupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuuwekea mwili. Muda unakwenda, na ukiisha ushindi umepatikana. Besiboli imeziba njia hiyo kabisa, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuona mchezo huu uko peke yake.

Mechi ya besiboli haihesabu dakika, inahesabu wapigaji waliotolewa, kwa mfano kwa mpira wao kudakwa kabla ya kugusa ardhi. Kila timu ina awamu tisa za kupiga, na kila awamu ina watu watatu wa kutolewa: jumla 27. Uwe unaongoza kwa pointi moja au kumi, utaendelea kumrushia mpinzani mpira mpaka wa 27 atoke. Wala huwezi kurusha ovyo ili asiufikie. Mpira usipopita juu ya kibao cha nyumbani, kilicholazwa chini mbele ya mpigaji na chenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na kifua chake, na mpigaji akauacha, ni mrusho mbovu. Mibovu minne inampa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia. Kwa hiyo ukimkwepa huyu, unakutana na mwenzake huku besi tayari ina mtu.

Mtazamaji wa soka pia huchelewa kuzoea kwamba timu inayoshika mpira ndiyo inayojilinda. Mpira haufungi chochote. Anayefunga ni mtu, akikamilisha mzunguko wa besi hadi kukanyaga kibao cha nyumbani.

Mechi ya sita ya World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani ambayo bingwa ni anayeshinda mechi nne, Oktoba 27, 2011, inaonyesha kanuni hii inavyouma. Texas Rangers walikuwa mbele 3-2 kwa mechi, na usiku huo wanaongoza 7-5 awamu ya tisa, watu wawili wametolewa. David Freese wa St. Louis Cardinals alikuwa na straiki mbili, yaani mirusho miwili iliyohesabiwa dhidi yake. Ya tatu ingemtoa na kuwapa Rangers ubingwa. Badala yake aliupiga mpira hadi ukuta wa kulia, wakimbiaji wawili wakaingia: 7-7. Awamu ya kumi, ya nyongeza kwa kuwa zilikuwa sare, Rangers wakaongeza mbili, na kwa mara nyingine wakabakiza straiki moja, Lance Berkman akasawazisha 9-9. Freese akamaliza kwa hom rani, mpigo unaovuka ukuta na kumpa mpigaji mzunguko mzima, awamu ya 11. Kesho yake Cardinals wakatwaa kombe. Katika mchezo wa saa, Rangers wangeushikilia mpira tu.

Ndiyo maana pambano la mrushaji na mpigaji lina uzito wote ule: hakuna kati yao anayeweza kulikwepa. Kutoka ubao anaokanyaga mrushaji hadi kibao cha nyumbani ni mita 18.44, lakini mkono huuachia mpira mbele zaidi, kama mita 17 hivi kutoka kibaoni. Mpira wa kilomita 153 kwa saa unafika kwa takriban sekunde 0.4. Kuzungusha gongo kunakula kama 0.15. Iliyobaki ni robo sekunde ya kuona, kutambua na kuamua. Gongo lenyewe halizidi kipenyo cha sentimita 6.6, na mpira una kama 7.4, tena vyote ni mviringo. Ukiugusa chini ya kitovu chake kwa kupitiliza kidogo, unapaa juu na kudakwa kirahisi. Ukiugusa juu, unagonga ardhi na kuviringika kwa walinzi wa ndani.

Mrushaji naye hategemei kasi pekee. Mpira wa polepole hushikwa ndani zaidi ya kiganja, lakini mkono unazunguka kwa kasi ileile ya mpira wa kasi. Tofauti ya kilomita 15 kwa saa inatosha: gongo linakuwa limeshapita mpira ukiwa bado njiani. Kosa la kawaida ni kupunguza kasi ya mkono. Mpigaji mzuri analiona na kusubiri. Mpira wa kupinda nao hutegemea kuzungushwa kuelekea mbele ili hewa iusukume chini. Mzunguko ukipungua, hauzami; unabaki kifuani, taratibu, na huo ndio unaoishia jukwaani. Mjini Denver, Marekani, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huupunguzia mpira huo mpindo na kuurefushia safari ukipigwa. Ili kupunguza athari hiyo, tangu 2002 mipira ya huko huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa.

Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilileta saa ya mrushaji: sekunde 15 besi zikiwa tupu, 20 zikiwa na mtu (sasa 18). Wapo walioona besiboli imeuza roho yake. Sikubaliani nao. Saa hiyo inapima mapumziko kati ya mirusho, haimalizi mechi. Akichelewa mrushaji anaandikiwa mrusho mbovu, akichelewa mpigaji anaandikiwa straiki. Mechi zimefupika kwa kama dakika 24 na wale watu 27 wako palepale.

Ukianza kutazama, usiufuate mpira. Tazama glavu ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya kibao, kabla ya mrusho: ataiweka mahali anapoutaka mpira, mara nyingi ukingoni mwa kibao. Glavu ikitulia, mrushaji amepatia hata kama mpira umepigwa. Ikivuka kibao kizima kuufuata, amekosea hata kama mpigaji ametolewa. Mrushaji akikaribia mirusho 100, makosa hayo huanza kuongezeka, hasa mipira kupanda juu ya pale ilipoitwa, na wakati huo kocha huwa ameshamwinua mwingine apashe misuli.