Msimu wa maembe na mafaili yangu
Jamani msimu wa maembe umefika, nachora huku nakula, raha tupu! Yaliyokomaa ila bado magumu nayafungia kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu, ile gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi inayaivisha fasta, na likishapata ile njano inayoelekea wekundu nalichora kwanza ndo nakula. Halafu wiki hii nimepanga mafaili yote ya michoro kwenye kompyuta, jina la kila moja linaanza na mwaka, mwezi, siku, yaani 2025-03-09, basi yanajipanga yenyewe kwa tarehe, aisee kichwa kimetulia mno. Brashi nazo nazilaza zikauke, maji yasiingie kwenye mpini. Kesho naanza mchoro mkubwa, natamani hata iwe saa hizi!