Pembe nne na nukta tatu

Bibi yangu ana chale uso mzima: mistari iliyokunjwa pembe, moja juu ya nyingine kama mapaa ya nyumba, mashavuni na kwenye paji la uso. Sisi Wamakonde tunaziita dinembo. Alichanjwa kwao Msumbiji akiwa msichana, kabla hajamfuata babu kwenye mashamba ya mkonge huku Kwale. Fundi alikata kwa kijembe, akasugua masizi ya mbegu za nyonyo ndani ya kidonda, akarudia mpaka rangi ikakolea.

Nilipotaka tatuu, wazo langu la kwanza lilikuwa kunakili shavu lake zima. Nikampelekea karatasi. Akaitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Hizi ni zangu, mjukuu wangu. Wewe ulichanjwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nikaiweka ile karatasi, nikaanza kutafuta kitu ambacho yeye na mimi tumekipitia sote. Nikakumbuka kitambulisho. Nimezaliwa Kenya, lakini kwa miaka mingi sikuweza kusajili laini ya simu kwa jina langu wala kufungua akaunti benki. Oktoba 2016 watu wetu walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata tukatambuliwa kuwa kabila la 43. Siku zote hizo bibi hakuwa na cheti chochote cha kumtambulisha. Alikuwa na uso wake.

Basi nikachukua pembe moja tu ya shavu lake, nikaipanga mara nne, na chini yake nikaweka nukta tatu. Nne na tatu.

Mwezi mzima nilijichora kwa kalamu kila asubuhi, upande wa ndani wa mkono, nione kama nitaichoka. Sikuichoka, ila niligundua mistari imesongamana. Wino husambaa kidogo chini ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, na mistari myembamba iliyobanana huishia kuwa doa, kwa hiyo nikaiachanisha. Halafu kuna jambo la kovu la kuvimba. Kaka yangu analo begani, nami niliogopa sana. Nikamwomba fundi anipige nukta moja tu kwanza, kwa sindano mpya aliyoifungua mbele yangu. Nikasubiri miezi mitatu. Ngozi ikabaki laini.

Kabla ya kumalizia nilimwendea bibi tena. Safari hii alishika kalamu mwenyewe, akanivuta mkono, akazichora zile pembe nne upya zikielekea kwenye kiganja. Mkono wake ulitetemeka, na ya nne ikapinda.

Fundi alitaka kuinyoosha kwa rula. Nikamkatalia. Alifuata wino wa bibi vilevile, na wiki tatu zilizofuata sikuingia baharini.