Ni sura tu

Jumatano mchana kwa mama ntilie, tunasubiri wali maharage, yule dada wa mapokezi (mpya, nilishawaambia, ana miezi mitatu sasa) akaniangalia akasema, "Unajua mi nilikuwa nakuogopa? Nilijua una dharau. Kumbe uko poa, ni sura tu." Meza nzima ikacheka. Na mimi nikamjibu, "Pole."

Pole ya nini jamani? Tangu siku hiyo nalirudia hilo neno, kwenye mwendokasi, nikioga, juzi nimeamka saa tisa usiku nalo liko kichwani. Wiki hii mkataba wangu umesainiwa mwaka mzima, da Mwajuma kafanyiwa sendofu, mama kaja kutoka Tanga na kaondoka, mimi bado niko kwenye ile meza.

Sura yenyewe mnaijua. Taya pana, nyusi zimeshuka, pembe za mdomo zinaangalia chini hata nikiwa na furaha zangu. Sekondari waliniita sura ya baba. Chuo, rumeti wangu alikaa wiki mbili hanisemeshi zaidi ya salamu, baadaye ndo akaniambia alijua nimemnunia. Na mama kila siku, "kunjua uso mwanangu, wageni wanaingia," na wala sijaukunja.

Usiku nikaingia mtandaoni, bando lote likaishia humo. Kuna watafiti wa Princeton kule Marekani, Willis na Todorov, mwaka 2006 waliwaonyesha watu picha za sura kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wakawauliza, huyu anaaminika? huyu mkali? Wengine wakapewa muda zaidi. Majibu yakakaribiana, kilichoongezeka na muda ni watu kuwa na uhakika zaidi na jibu lao. Hapo niliumia, maana siku zote najipa moyo kwamba mtu akiniangalia vizuri ataona. Tena wanasema sura iliyotulia, ikitokea tu imefanana kidogo na ya mtu mwenye hasira, nyusi chini, mdomo umeinama, basi watu wanaiona hasira wakati mwenyewe hajakasirika. Nililia. Kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa anaougua miaka yote.

Nikaendelea kusoma, nikafika kwenye sura za kitoto. Uso wa duara, macho makubwa, kidevu kidogo: mwenye nayo watu wanamchukulia mpole, wa kudanganyika haraka, hata akiwa mtu mzima. Nikamwona yule wa mapokezi kabisa. Miezi mitatu namwita "mdogo wangu". Madereva wa malori wakija na makaratasi ya mzigo wanamuuliza, "binti, mkubwa wako yuko wapi?" na mimi nanyanyuka nayapokea, najua namsaidia. Na pale mezani, watu wakiwa bado wanacheka, alisema kitu kingine ambacho nilikisikia nikakiacha kipite kwa sababu nilikuwa nimeshaumia: "Afadhali wewe wanakuogopa, mi nina mtoto yuko darasa la nne na bado wananiita dogo."

Darasa la nne! Mimi nina miaka 24, huyu ni dada yangu kabisa. Na kwenye hao "wananiita" mimi nimo, na alinitazama usoni wakati anasema, sasa sijui alikuwa ananiambia au alikuwa anaongea tu.

Leo asubuhi nimemwita dada. Kageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine kaingia. Saa nne dereva kaja na bahasha yake, kapita pale mapokezi moja kwa moja mpaka kwangu, nikabaki nimekaa, nikamwonyesha kwa mkono arudi kule. Dada kamaliza makaratasi ya kontena lote bila kuuliza mtu, tena kamrudishia dereva fomu moja haina muhuri. Samahani sijamwomba bado, nataka tuwe wawili, siyo mezani pale, na niseme vizuri, siyo lile pole langu.

Nimerudi nyumbani jioni nimekuta ukuta wa jirani umechorwa X nyekundu ya kubomolewa. Wetu bado, lakini rangi ilikuwa mbichi kabisa, mama mwenye nyumba hapokei simu, na kodi ya miezi sita nimeilipa mwezi uliopita tu.