Mtaka cha mvunguni na swali la 18

Yule binti yangu mnamjua kwa ubishi. Jana kanibana jikoni: "Mama, ulisema nisipomaliza hesabu sitoki nje. Nimemaliza. Basi natoka."

Nikabaki na mwiko mkononi. Nilisema hivyo, kweli, lakini sikusema hivyo. Ghafla nikajiona Oktoba 2012, Houston, kwenye chumba cha mtihani wa LSAT, ule wa kuingia shule ya sheria Marekani.

Enzi hizo bado ulikuwa wa karatasi. Penseli za mbao ndani ya mfuko wa plastiki wa kuonyesha, saa ya mishale, kwa sababu saa ya tarakimu ilikuwa marufuku. Tukaambiwa tunakili kiapo kwa mwandiko wa kuunganisha. Vijana wa Kimarekani wakatazamana. Mimi nikamshukuru mwalimu wangu wa darasa la pili, na fimbo yake.

Sehemu ya hoja ni dakika 35, maswali kama 25. Nilikwenda vizuri mpaka la 18. Lilikuwa la masharti: hili haliwi pasipo lile. Nikasoma mara tatu. Kila neno nalijua, na bado majibu B na D yote yananikonyeza.

Ndipo sauti ya bibi ikaja, sijui ilipitia wapi: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikakiona kile kitanda chake cha kamba kule Tanga. Bibi alikuwa anaficha sukari guru chini yake, na mimi niliinama hapo mara ngapi nikatoka na vumbi na utando wa buibui kichwani? Kuinama ni sharti. Nani alisema kila anayeinama hupata? B ndiyo ilikuwa inasema hivyo, kwa Kiingereza kitamu. Nikaikata, nikajaza D, nikatazama saa. Dakika nne zimekwenda. Matatu ya mwisho nikabahatisha tu, kwa kuwa kukosa hakukati alama.

Matokeo yalipokuja na majibu yake, la 18 nilikuwa nimepata. Yale matatu nimekosa yote. Shule niliyoitaka ikaniandikia, kwa adabu sana, kwamba haina nafasi.

Basi jana nikamweleza binti: kumaliza hesabu ni sharti, mwanangu, si ruhusa. Akanisikiliza, akafikiri, kisha akauliza:

"Haya, sharti jingine lipi?"

Nikatafuta. Bado natafuta, mlango ukajibamiza nyuma yake.