Matundu ya Risasi Kwenye Mnara wa Negoro

Kilichonipeleka Negoro-ji, hekalu la Kibuddha nchini Japani, ni mbao zenye matundu. Nilipanda treni Tennoji, mjini Osaka, nikashuka stesheni ya Kii, kisha basi likanifikisha chini ya milima ya Izumi, katika mkoa wa Wakayama. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mzee wa tiketi aliona ninavyoangaza macho, akatoka kibandani na kunielekeza kwa kidole: pale, kwenye ukuta wa mnara.

Mnara wenyewe ni wa mbao, una kimo cha mita 40 hivi, na ulikamilika mwaka 1547. Chini ni mraba, juu una shingo ya duara. Nilisogea mpaka nikayaona: matundu madogo ya risasi, yamebaki humo tangu mwaka 1585. Moyo ulinienda mbio.

Mahali hapa palianza kama pa elimu na ibada. Mtawa Kakuban, wa madhehebu ya Kibuddha ya Shingon, alihamia hapa mwaka 1140 baada ya kukosana na wenzake wa mlima Koya, makao makuu ya madhehebu hayo. Karne zikapita, hekalu likawa na mashamba, mji wake, na jeshi lake la watawa. Kisha mwaka 1543 Wareno wakafika kisiwa cha Tanegashima na magobore ya utambi. Ni Wareno wale wale ambao pwani yetu ya Malindi na Mombasa ilikuwa imeshawajua tangu 1498. Gobore moja lililetwa Negoro na Tsuda Kazunaga, mhunzi wa hapa akaliiga, na haikupita miaka mingi watawa hawa wakawa mafundi wa shabaha wanaoogopwa nchi nzima.

Nguvu hiyo ndiyo iliyowaponza. Mwaka 1584 mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi alipopigana na mbabe mwenzake Tokugawa Ieyasu, Negoro walisimama na Ieyasu, wakaitishia ngome ya Kishiwada, jirani kabisa na Osaka. Hideyoshi hakusahau. Mwaka uliofuata alishuka na jeshi kubwa na hekalu likateketea, isipokuwa majengo machache, mnara huu ukiwa mmojawapo. Wanazuoni Sen'yo na Gen'yu walitoroka. Elimu yao ikaendelea kufundishwa katika mahekalu ya Hasedera na Chishaku-in. Mimi nawahesabu hao kuwa ndio waliolinusuru hekalu, kuliko wote walioshika bunduki.

Ndani ya mnara nilivua viatu, nikakaa sakafuni kati ya nguzo zilizopangwa duara. Palinukia ubani na mti mkavu. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Kabla ya basi la kurudi niliingia makumbusho ya mji, hatua chache kutoka hekaluni. Watawa wa Negoro walijitengenezea vyombo vya kulia, wakavipaka utomvu mweusi, kisha mwekundu juu yake. Nilisimama mbele ya bakuli moja. Ukingoni, vidole na midomo vilipogusa miaka nenda miaka rudi, wekundu ulikuwa umelika na weusi umechomoza.