Mi kwenye faiba nashangaa kioo, spidi baadaye

Watu wakiongelea faiba wanataka kujua giga ngapi kwa sekunde basi, ila mi kinachonishika kila nikifikiria ni kile kioo chenyewe, maana faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha data kwa mwanga. Chukua kipande cha kioo cha dirisha ukiangalie kwa ubavuni, utaona ukijani fulani hivi. Ule ni uchafu wa chuma uliomo ndani, na ndo unaokula mwanga.

Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakiwa maabara huko Uingereza, walisema kioo hakina kosa, kosa ni uchafu, usafishe na mwanga utaenda mbali. Walichotaka ni kwamba baada ya kilomita 1 ibaki angalau asilimia 1 ya mwanga ulioingia. Unaona kidogo eeh, lakini kwa kioo cha enzi zile hiyo asilimia 1 ulikuwa unafika nayo mita 20 tu! 1970 kampuni ya Corning ya Marekani wakaivuka hiyo alama, na faiba ya leo inakupa asilimia 1 ileile baada ya kilomita 100. Kilomita mia, ndani ya kioo, jamani.

Sasa kuvuka bahari si mia, ni maelfu, na zamani kila baada ya umbali fulani ilibidi mwanga ugeuzwe umeme, usafishwe, urudishwe tena kuwa mwanga. Mwaka 1987 ndo ikaja amplifaya ya erbiamu, kipande cha faiba chenye madini hayo kinachopigwa leza nyingine pembeni, mwanga wa data ukipita humo unatoka na nguvu mpya bila kugeuzwa chochote, tena rangi zote kwa mkupuo, kwa hiyo unaweza kujaza leza za rangi kibao kwenye uzi mmoja na kila rangi ikabeba data yake. Kwangu mimi hapo ndo spidi kubwa za masafa marefu zilipozaliwa.

Na njia yote hiyo ya mwanga ina upana wa mikroni 9 tu, yaani sehemu 9 kati ya 1,000 za milimita moja. Nimeshasimama nyuma ya fundi akiunganisha nyuzi mbili za faiba, anamenya ganda la nje, anafuta na spiriti, anakata, anaweka kwenye mashine, kwenye skrini ncha mbili zinaonekana nene kama mabomba, halafu kavumbi kamoja kakaonekana pale kwenye ncha. Hakubishana nako, alitoa uzi akaanza kumenya upya.